Kopo la Maharage na Mgongo wa Mama Khaled

Leo Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Bi Asiya Hamimu, mkunga wa upande wa wanawake katika gereza letu hapa Bujumbura, atarudisha ufunguo wa zahanati baada ya miaka ishirini na saba ya kazi. Sisi wenzake tumeambiwa tufurahi. Tunajitahidi. Ukweli ni kwamba tunaogopa, na mimi ninayewasomea haya, Sylvère, karani wa zahanati, naogopa kuliko wote. Lakini mimi huogopa hata sindano anayochomwa mtu mwingine, kwa hiyo msinifanye kipimo.

Mama Khaled, kama wengi mnavyomwita, alitoka wodi ya wazazi mjini mwaka 1998, akamwahidi mumewe kuwa gerezani atakaa miezi sita tu. Mumewe bado anaihesabu ile miezi sita kwenye kila harusi ya mtaani Buyenzi, na watu bado wanacheka.

Alikuta wajawazito wanalala ukutani kabisa, mwisho wa chumba, ambako uchungu ukikushika lazima uruke watu thelathini ndipo ufike mlangoni. Akaanza na hilo: aliyefika miezi saba alale karibu na mlango. Aliyekuwa mkubwa wa chumba, mfungwa mwenzao aliyelala mlangoni, alikataa. Mama Khaled hakugombana naye; alimletea chai ya vijiko vitano vya sukari wiki nzima, mpaka akahama mwenyewe. Ni chai hiyohiyo anayotunywesha sisi. Daktari amenikataza sukari, lakini Mama Khaled hajamruhusu daktari.

Kisha yakaja makopo. Kila mwenye mimba kubwa alipewa kopo tupu la maziwa na kiganja kimoja cha punje za maharage. Mtoto akicheza tumboni, dondosha punje moja. Chakula cha mchana kikifika, tunahesabu. Zikiwa chini ya kumi, mkunga anaitwa mara moja. Mimi kazi yangu ni kuandika idadi kwenye daftari, kazi ambayo hata mtu wa aina yangu hawezi kuiharibu.

Niliiharibu.

Ilikuwa mwaka 2019. Mama Khaled alikuwa amechukua siku nne za ruhusa kumwoza mpwa wake. Wakati huo tulikuwa na Joëlla, mwanamke wa Kanyosha, mimba ya miezi minane, aliyeingia gerezani na binti yake Chanelle wa miaka miwili. Siku ya kwanza, kopo la Joëlla: punje kumi. Siku ya pili: kumi. Ya tatu: kumi. Ya nne: kumi. Niliandika kwa wino wa bluu, mistari imenyooka, nikajisifu moyoni kwamba daftari halijawahi kupendeza hivyo. Hata nilimpongeza Joëlla. Alitazama chini. Mimi nikadhani ni adabu.

Mama Khaled alirudi na hina mikononi, nguo za harusi bado mwilini, akafungua daftari kabla hata ya kunisalimu. Nilimwona akisimamisha kidole, kisha akaniita kwa jina la mwanangu.

“Baba Maxime, hii si mimba, hii ni saa ya ukutani. Mutoto wa nani anacheza mara kumi kila siku, haongezi, hapunguzi?”

Kabla sijajibu, alikuwa keshatoka na ile pembe yake ya mbao ya kusikilizia mtoto.

Nilimfuata mpaka mlangoni mwa chumba. Joëlla alikuwa amevimba uso na miguu; nami nilikuwa nimempita siku nne nikitazama kopo tu. Mama Khaled aliweka pembe tumboni, akaegemeza sikio. Akahamisha pembe. Akahamisha tena. Waliokuwa wakifua uani waliacha kufua. Nilianza kusali, nikachanganya sala mbili, nikashindwa kumaliza hata moja.

“Yupo,” alisema. “Lakini amechoka. Baba Maxime, karatasi ya hospitali. Mbio.”

Hapo ndipo Joëlla alipokamata nguzo ya mlango. “Apana, Mama. Mi siendi. Nikitoka watamubeba Chanelle, nikirudi simukuti.” Ndiyo maana alikuwa akijaza kopo mwenyewe, mtoto acheze asicheze. Mtoto wa tumboni alinyamaza siku mbili, mama akadondosha kumi, kwa sababu kumi ndiyo iliyokuwa inamwacha karibu na binti yake.

Hakuna kanuni iliyosema mtoto anaweza kutoka na mama yake. Hakuna iliyokataza pia. Nilisema hivyo, kwa sauti ya karani, na nikaendelea kusema mpaka Mama Khaled aliponitazama.

“Huyu mutoto alihukumiwa nini?”

“Hakuhukumiwa kitu.”

“Basi hahitaji karatasi yako. Niletee kitenge.”

Akamfunga Chanelle mgongoni, juu ya nguo za harusi, akamshika Joëlla mkono, akaenda getini. Mlinzi aliangalia karatasi moja, akaangalia watu watatu, akaniangalia mimi. Miguu yangu ilikuwa inatetemeka hata nikaegemea geti, naye akadhani namsaidia kulifungua. Likafunguka. Huo ndio ushujaa wangu wote katika utumishi.

Joëlla alipasuliwa saa hiyohiyo. Mtoto alitoka mdogo, wa rangi ya majivu, na kwa siku tatu hatukuthubutu kuuliza jina lake. Siku ya nne alilia. Leo anasoma darasa la kwanza Kanyosha, na dada yake ndiye anayempeleka.

Tangu siku hiyo, kila mama aliyetoka kwenda kujifungua, mtoto wake mkubwa alitoka mgongoni kwa Mama Khaled. Kumi na saba, nimewaandika wote. Hakuna aliyedanganya kopo tena. Lakini jambo hilo halijaandikwa popote, Bwana Mkurugenzi, nawe umekaa safu ya mbele leo. Linakaa kwenye mgongo mmoja, na mgongo huo unastaafu. Barua ya kuliweka katika kanuni iko mezani kwako tangu Machi, chini ya kalenda.

Mkunga mpya, Lisette, ana mikono mizuri na masikio makali. Ila mfungwa wetu Mwanvua ana mimba ya miezi minane na mwana wa mwaka mmoja na nusu, na jana aliniuliza kuanzia Jumatatu nani atambeba mwanawe. Kopo lake lilikuwa na punje kumi. Kumi kamili. Lisette alimsikiliza papo hapo, mtoto yuko salama, lakini sikulala.

Kwa hiyo nimejifunza kufunga kitenge. Mke wangu amecheka mpaka akakaa chini. Nilijaribu na mfuko wa unga; ulianguka mara mbili. Mara ya tatu ukakaa. Barua isiposainiwa, kuanzia Jumatatu getini mtaona mzee wa miaka hamsini na minne mwenye mtoto mgongoni, miguu ikitetemeka. Msimcheke sana.

Asante, Mama Khaled, kwa kila aliyetoka akarudi. Nenda ukamalizie ile miezi sita ya mumeo, unywe chai yako taratibu, na Mungu akupe asubuhi zisizo na kitu cha kuhesabu.