Helikopta ya Mzee Naftaly Ireri Haijarudi Nyumbani

Mzee Naftaly Ireri alizaliwa tarehe 3 Aprili 1960 karibu na Kiambere, Mbeere, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Mzee Njagi na marehemu Mama Ciarunji, wakulima wa mtama na wafugaji wa mbuzi.

Alimaliza darasa la saba mwaka wa 1974. Nafasi ya sekondari aliipata, karo haikupatikana. Akajiunga na chuo cha ufundi cha kijiji karibu na Embu mjini, akasomea vyuma, na mwaka wa 1977 akatoka na cheti ambacho alikitundika juu ya kitanda chake maisha yake yote.

Mwaka wa 1979 aliajiriwa Timau, kwenye shamba kubwa la ngano, kutengeneza mashine za kuvuna. Huko ndiko alikoiona. Jioni moja ya Agosti 1986 ukungu wa mlima ulilazimisha helikopta ya jeshi kutua shambani. Kwa kuogopa upepo, wanajeshi waliyakunja mapanga yake, yale mabawa marefu ya juu yanayozunguka, wakayalaza kuelekea mkiani na kuyafunga. Naftaly ndiye aliyetumwa kuleta kamba. Askari mmoja alimwambia, "Fundi, angalia kwa macho, si kwa mikono." Akaangalia kwa macho mpaka giza likaingia. Miaka mingi baadaye aliwaambia watoto wake: "Kitu chenye nguvu vile, na bado kinajua kujikunja."

Tarehe 9 Desemba 1989 alimwoa Bi Cicily Kagwiria, wakahamia Kanyakine, Meru, alikofungua karakana ya milango na madirisha. Walijaliwa watoto wawili, Karimi na Kiunga.

Alianza kuiunda helikopta yake mwaka wa 2019, ndani ya ghala la mahindi, kwa kipimo cha moja kwa sita. Mwili ulikuwa wa mabati, mbavu za ndani zilikuwa spoki za baiskeli, na mapanga manne aliyachonga kwa alumini. Haikuwa na injini wala tangi. Iliendeshwa kwa mpini wa cherehani. Mara ya kwanza aliyafunga mapanga moja kwa moja kwa skrubu, akayazungusha, akafurahi, kisha akagundua kwamba haipiti mlangoni. Mama Cicily alisimama nje akitazama. "Baba Karimi, umetengeneza ndege ama umeziba ghala?" Marehemu alicheka hadi akaketi chini. Kesho yake aliyang'oa yote na kuanza upya, safari hii kwa bawaba na pini, kama alivyoona Timau.

Februari 2023 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Aliendelea kwa mkono wa kushoto, Mama Cicily akimshikia pini. Juni mwaka huu wa 2025 ilikamilika, ikatolewa nje, ikakunjuliwa uwanjani. Vijana wa chuo walikuja kuitazama. Mmoja akaipiga video. Baada ya siku chache nchi nzima ilikuwa imemwona "mzee wa Meru aliyeunda helikopta ya jeshi", na wakati huo nchi ilikuwa moto kwa maandamano.

Jumamosi tarehe 19 Julai walikuja maafisa watatu kwa pikapu. Mkubwa wao akauliza, "Mzee, michoro ya jeshi ulipewa na nani?"

"Sikupewa. Niliangalia."

"Uliangalia wapi?"

"Timau, 1986. Wewe ulikuwa umezaliwa?"

Majirani waliokuwa uani walicheka. Afisa hakucheka. Aliamuru ipakiwe. Mapanga yalikuwa wazi, hayakuingia, na afisa kijana akashika moja akataka kulipinda kwa nguvu. Marehemu alipiga kelele ambayo familia haikuwahi kuisikia: "Usivunje! Bado pini!"

Mdogo wake, Mzee Misheck, akamnong'oneza, "Naftaly, waachie wavunje tu, urudi ndani. Hii ni toi ya kuchezea." Kila mtu pale alielewa: akikataa, inavunjwa; akiikunja, anaikabidhi kwa mkono wake mwenyewe. Marehemu aliisogelea helikopta. Kisha akamwambia yule afisa kijana, "Nishikie hapa. Polepole. Kama unashika mtoto." Akachomoa pini moja moja kwa mkono wa kushoto, akayalaza mapanga yote manne mkiani, akayafunga kwa shuka ya Mama Cicily.

"Mzee, utaletewa," mkubwa wao akasema.

"Lini?"

"Tutawasiliana."

Hawakuwasiliana. Marehemu alikwenda kituo cha polisi kila wiki kwa fimbo yake, akaambiwa inachunguzwa. Hakuandikiwa kosa lolote. Mabati, spoki na mpini wa cherehani vinachunguzwa nini miezi yote hii? Familia imeuliza, na leo inauliza tena mbele ya kaburi.

Kiharusi cha pili kilimpata tarehe 24 Oktoba. Hospitalini swali lake lilikuwa moja: "Imerudi?" Wako waliomsihi Mama Cicily amwambie imerudi, atulie. Mama hakuweza. Alimshika ule mkono uliolegea akamwambia, "Bado, Baba Karimi." Marehemu akaitikia kwa kichwa. Alifariki alfajiri ya Alhamisi tarehe 30 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Mzee Misheck aliomba sehemu ya Julai isichapishwe kwenye programu ya mazishi, akiwahofia watoto wa nyumba hii. Hofu yake ni ya upendo, na tunaiheshimu. Mama Cicily alijibu, "Alikuwa mtu wa wazi. Isomwe yote."

Ameacha mjane, Bi Cicily Kagwiria. Watoto, Karimi na Kiunga. Mjukuu mmoja, Ntinyari. Mdogo wake, Mzee Misheck. Na mafundi wengi aliowafunza kuchomelea.

Naftaly Ireri, mume, baba na fundi, apumzike kwa amani. Sisi bado. Jumatatu saa mbili asubuhi familia itaondoka hapa nyumbani, Mama akiwa mbele, kwenda kituoni kuidai helikopta. Mnakaribishwa kutusindikiza.