Mlango wa Upande wa Mama Mkwe

Ndani ya basi, bwana aliyeketi mbele yangu alikuwa akimweleza mama wa kiti cha pembeni habari za gari lake la michezo, la zamani, la milango miwili. Mlango wa abiria umeng'ang'ania, na kioo chake hakishuki.

"Bawaba zimelegea," alisema.

"Raba za kingo za mlango hizo, baba. Zimevimba. Unyanyue mlango kwa ncha; ukicheza ni bawaba, usipocheza ni raba."

"Nitaunyanyuaje na haufunguki?"

"Si uusukume kwa ndani."

"Kwa ndani anausukuma mama mkwe."

Mama akamgeukia. "Yumo?"

"Tangu asubuhi. Hapa ninakwenda kununua grisi."

"Kwa nini asitokee upande wako?"

"Aruke gia mbele yangu? Mtu ninayemwamkia nikitazama chini?"

Hapo hata mimi, niliyekuwa nikijifanya nimelala, nilifumbua macho.

Basi likasimama penye maduka ya vipuri. Bwana aliyatazama maduka, akaegemea vizuri kitini, akamuuliza mama, "Na kioo je, nacho ni raba?"