Editha na Kibao cha Mifereji Miwili

Editha Mkude anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi katika kituo chetu cha tiba ya mazoezi ya viungo hapa Bigwa. Ishirini na sita kati ya hiyo amekunywa uji wangu, ndiyo maana nimeambiwa niandike mimi mpishi. Wenye vyeti wakikuta makosa, wanyamaze.

Aliingia kama mfagizi, akasoma, akawa mkuu wa chumba cha mazoezi. Kuchelewa hajui. Kukaa hajui pia: chai yake huipoza mwenyewe, kisha hulilaumu jiko langu.

Kinachonishangaza mpaka leo ni kile kibao chake. Ni mbao ya mkangazi, upana wa sinia, imechongwa mifereji miwili ya kuzungukazunguka, inayokutana katikati. Watu wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja akipitisha kidole kwenye mfereji wake, taratibu. Basi. Nilidhani ni bao, nikauliza kete ziko wapi. Fundi Godlisten, aliyekichonga, mwanzoni alikuwa ameweka na njia za kupoteza watu, zisizofika popote. Editha akamrudishia, akasema wagonjwa wetu wameshapotea vya kutosha.

Nikawa nachungulia kutoka jikoni. Kupapasa ubao kunamshushaje mtu mabega? Sijui. Nilijaribu kwa ubishi, yangu yakashuka.

Mwaka jana tulikuwa na Mzee Wilfred wa huko milimani, kiharusi kimemshika upande mmoja. Alikuwa ameruhusiwa kutoka, ila wa kumtunza alikuwa mmoja tu, mdogo wake Thobias, na walikuwa hawasemeshani mwaka wa sita, kisa mfereji wa maji ya bustani. Thobias alikuwa akileta ndizi, anaziweka, anatazama mlango.

Editha akawawekea kibao. Thobias, mzima wa mikono, akafika katikati upesi, akainua kidole kama aliyeshinda.

“Hapa hakuna mshindi, baba,” Editha akamwambia. “Rudi ukamngoje mwenzio.”

Akarudi. Kidole cha Wilfred kikakwama kwenye kona. Cha Thobias kikasimama kwenye kona ileile ya upande wake. Wakakaa hivyo mpaka maharage yangu yakashika chini.

“Maji bado yanafika kwangu?” Wilfred akauliza.

“Yanafika, kaka. Kila masika nauzibua ule mfereji mwenyewe.”

Jumanne iliyofuata walipanda mlima pamoja kwenda nyumbani. Na mimi sikumwomba mtu radhi kwa maharage yale.

Nyie vijana mnaoweka vikombe juu ya kibao hicho nimewaona. Kibao kinabaki, na mimi nabaki kukilinda.

Editha, ahsante kwa mikono yako. Nenda ukale matunda ya jasho lako, ukae chini, unywe chai ikiwa ya moto. Mimi nimebakiza miaka miwili. Wewe umewahi kufika katikati; ningoje.