Mama wa Redio Hayumo

Ndani ya treni ya asubuhi, kiti cha mbele yangu, mzee mstaafu wa posta alisoma kwa sauti orodha ya gazeti: watu kumi waliotikisa nchi muongo uliopita. Fundi cherehani aliyekaa kando yake akachungulia. “Mbona mama wa redio hayumo?”

“Yupi huyo?”

“Aliyetufundisha kusoma ukubwani. Alikuwa akieleza umbo la herufi, mimi naichora kwa chaki kwenye kitambaa.”

“Lakini mama, huyu mchezaji wa kwanza kwenye orodha aliunganisha nchi nzima!”

“Sawa, mzee wangu. Alikufundisha kusoma?”

Mzee akacheka, ingawa hakukubali. Akatoa kalamu. “Haya, jina lake nani, nimwongeze?”

“Lete, niandike mwenyewe.”

Akaandika polepole, ulimi nje. Treni ikasimama, wakashuka bado wakibishana. Alipokuwa akiandika nilinyoosha shingo kama twiga, lakini sikuambulia hata herufi moja ya jina hilo.