Bwana Simu, Aliyewaunganisha Wazazi wa Watoto Viziwi

Tunamsindikiza leo mume, baba na babu ambaye wengi wenu mliijua sauti yake kabla ya kuuona uso wake. Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu wa karani wa posta na mshonaji nguo.

Alimaliza sekondari ya bweni mwaka 1968 kwa cheti kizuri. Huko alisifika kwa kuiga sauti za walimu. Siku moja aliwatangazia wenzake mapumziko kwa sauti ya mkuu wa shule, na darasa zima likatoka. Aliadhibiwa peke yake, wala hakumtaja aliyemtuma.

Mwaka 1971 aliajiriwa hospitali kuu kuwa opereta wa simu, na ndiko alikopewa jina la Bwana Simu. Alistaafu mwaka 2004 kwa heshima.

Alifunga ndoa na mwalimu tarehe 7 Agosti 1976. Walijaliwa wana wawili, na mwaka 1981 binti, aliyezaliwa kiziwi. Yamesemwa mengi kuhusu miaka ambayo binti huyu aliishi kwa bibi yake. Marehemu mwenyewe aliagiza jambo hili lisomwe, na familia haina cha kuficha: wazazi hawakujua pa kwenda, na baba aliona haya kuuliza. Kliniki ya masikio ilikuwa upande wa pili wa ukuta wa chumba chake cha simu. Kila siku aliwaunganisha watu na daktari wa pale. Kwa ajili ya mwanawe hakuwahi kupiga.

Mwaka 1989 mama mmoja alipiga akimtafuta daktari huyo. Laini ya daktari ilikuwa na mtu, wakaongea wakisubiri.

“Ulijuaje kwamba mwanao hasikii?” marehemu akamuuliza.

“Nilipiga sufuria nyuma yake, hata hakugeuka. Kwani, kaka, na wewe unaye?”

“Ninaye. Yuko kwa bibi yake.”

“Anangoja nini huko? Mlete, kuna shule yao. Nitawapeleka mimi.”

Binti alianza shule Januari 1990, akiwa na miaka minane. Mwalimu wake alisema wazi kwamba angekuja mapema, angekuwa amefika mbali. Maneno hayo hayakumtoka marehemu maisha yake yote. Tangu hapo, kila mzazi aliyepiga akiwa hajui aanzie wapi, alimuunganisha na mzazi aliyekwisha kupita njia hiyo.

“Wewe ni opereta au mshenga?” msimamizi wake alimfokea.

“Mshenga hupewa chochote, bosi. Mimi sipewi.”

Baada ya kustaafu aliendelea kwa simu ya nyumbani, kila jioni. Lakini jioni hizo hizo binti yake alikaa sebuleni akimtazama akiongea. Lugha ya alama marehemu aliijua kidogo tu: kula, lala, vizuri. Mengine yote alitafsiri mama.

Mwaka 2022 aligundulika ana saratani ya koo, na upasuaji ukamwondolea sauti. Binti alikuja kila alasiri kumfundisha alama. Vidole vilikuwa vizito, na binti alimcheka waziwazi. Siku moja mwezi Mei 2023 alimuuliza baba yake kwa nini walimpeleka kwa bibi. Mama akainuka kutafsiri. Binti akamwonyesha kiti: “Kaa, Mama. Ajibu mwenyewe.”

Akajibu kwa mikono yake: “Sikujua. Niliona haya. Kosa ni langu, si lako.” Binti akamshika kidole kimoja, akakinyoosha vizuri, akamwambia arudie. Akarudia.

Marehemu alitamani walau mwaka mmoja wa mazungumzo ya namna hiyo. Alipata wiki chache tu. Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, nyumbani kwake.

Ameacha mjane, wana wawili, wajukuu watano, dada mmoja, na binti yake, ambaye, akiusoma katika nakala yake, anawatafsiria wasifu huu kwa lugha ya alama wageni wetu walioketi upande wa kushoto.

Mungu ampumzishe kwa amani.