Nizikeni Kwenye Njia ya Sokwe

Sogeeni, wanangu, na wewe Bonifasi zima hiyo simu. Huyo mtu wa Gungu anayetaka kununua msitu wetu hatakufa kwa kusubiri, anayekufa ni mimi.

Nyumba hii ni ya Yunisi, kwa kuwa ndiye aliyenigeuza kitandani wakati wewe kaka yake ukiniletea maneno matamu. Michikichi ya bondeni ni yako, Bonifasi, kamua mawese mpaka uchoke. Lakini kile kipande cha msitu kule juu, kati ya hifadhi na mlima wa pili, wanapopitia sokwe, kisiguswe. Najua msumeno wa mashine umeshaletwa, umelala uani kwangu chini ya turubai, mkadhani macho yangu yametangulia kufa.

Msidhani nawapenda sokwe. Nitawapendaje, na mkono wa Yunisi huu hapa umebaki na vidole vitatu? Nilimnyang'anya mdomoni mwa dume kwa mchi wa kutwangia, na hata leo nikilikumbuka nalitukana. Lakini kumbukeni ilikuwa lini. Ni mwaka ule jirani yetu Samson alipofyeka upande wake wote apande michikichi, wanyama wakakosa pa kupita, wakashukia majikoni kwetu. Akufukuzaye hakwambii toka, na aliyefukuzwa naye habishi hodi. Kipande kilichobaki mnakicheka kwa udogo, ila maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

Juzi, Bonifasi, uliniuliza, "Mama, dunia ya leo sokwe ana faida gani?" Swali hilo limeninyima usingizi. Hao watalii hawajawahi kuniachia hata sabuni. Ila mimi nami nakula, silimi, nachafua mashuka. Kama kisicho na faida hukatwa, mngeanza na mimi.

Mbona mnatazama chini?

Nilimwendea mwenyekiti wa kijiji, akasema mambo ya familia hayamhusu. Nilimwendea padri, akaniombea. Sasa nimebakiwa na maiti yangu tu. Msinizike kwenye makaburi ya kanisa kando ya baba yenu Nikodemu, atanisamehe, alishazoea. Nizikeni kule juu, katikati ya njia yao, mjenge msalaba wa saruji uonekane kwa mbali. Huku kwetu hakuna anayenunua ardhi yenye kaburi la mama wa watu, na kijana wa kufyeka juu yake hamtampata hata Mwandiga nzima.

Yunisi, mwana wanje, mwanangu wee, nipe mkono. Siyo huo. Ule. Wewe ndiye mwenye haki ya kukataa, na ni wewe ninayekuomba... Maji kidogo. Basi, yanatosha.

Mungu awape watoto watakaowasikia kuliko mlivyonisikia mimi. Awape uzee usio... Bonifasi, sema ndiyo. Sema nisikie.

Haya, kama hutaki. Nichimbie pale pale, unifukie vizuri, udongo ushikamane... kisha washa mashine yako, mwanangu. Anza na mimi.