Tangawizi ya Fundi Waya

Benchi la pale kona ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, tundu la kitasa bado liko wazi katikati. Asubuhi hiyo walilikalia wale wale: Spika, anayegawa zamu ya kusema na kujipa zote mwenyewe; Daktari, ambaye kazi yake ni kufagia duka la dawa; na Mzee Birika anayewauzia kahawa. Katikati yao Fundi Waya, roho juu. Saa nane mchana alikuwa na mtihani wa leseni ya umeme, mara ya tatu, na bosi wake hospitalini alishasema: ukifeli tena, rudisha boksi la vifaa. Bintiye, anayesomea ualimu, alikuwa amempa dawa: tafuna kitu kimoja kila unaposoma, kitafune tena kwenye mtihani, harufu itakurudishia maneno. Mwezi mzima Fundi alitafuna tangawizi mpaka ulimi ukafa ganzi.

— Niulizeni basi, alisema, akimpa Daktari kitabu. Akatia kipande mdomoni.

— Swali la kwanza. Kabla ya kufungua kifaa cha umeme, utafanya nini?

Fundi akafumba macho. Akatafuna, akavuta pumzi. Kitu kikaja, tena kwa kasi.

— Kipa alitoka golini mapema.

— Nini?

— Ndicho kinachokuja, jamani!

— Dozi ndogo hiyo, alisema Spika. Mkono mtupu haulambwi. Ongeza kipande.

— Shida ni pua, alisema Daktari. Tundu la kulia la maneno, la kushoto la hesabu. Yeye anavuta kwa yote mawili, mambo yanagongana. Ziba moja!

Fundi akaziba moja. Aibu ilimpanda, lakini akaziba.

— Na uiname, aliongeza Spika. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Harufu ishuke kichwani.

— Ushauri gani huu? Mnaniua!

Akainama hata hivyo, kichwa katikati ya magoti.

— Swali la pili, alisema Daktari. Fyuzi inawekwa kwenye waya upi?

Sauti ikatoka chini ya benchi:

— Spika aliiba kete ya drafti.

— Mimi? Spika akasimama. Nani kaiba kete? Ile ilianguka kwenye tundu la kitasa!

— Ilianguka mfukoni mwako, alisema Daktari.

— Mnagombana bure, alisema Mzee Birika. Kosa ni kutafuna tangawizi peke yake. Tungechemsha kitabu humu kwenye birika, anywe kurasa na harufu yake kwa pamoja.

— Nina saa nne tu! Fundi alipiga kelele. Saa nne, nyie mnapika kitabu!

Ndipo akatokea dada mmoja, pasi kwapani, anamtafuta Fundi. Wakamweleza habari ya tangawizi, wote watatu kwa mpigo. Alisikiliza mpaka mwisho.

— Na mwezi mzima huu, aliuliza, Fundi alikuwa anasomea wapi?

Spika alilitazama benchi, walipobishania mpira na kucheza drafti mwezi mzima. Daktari alikifunga kitabu. Jaladani vikombe vya kahawa vilikuwa vimeacha duara juu ya duara. Mzee Birika alitikisa birika, nalo kavu.

Fundi akaitema tangawizi. Alikuwa na hasira, na nyingi ilikuwa juu yake mwenyewe.

— Na wewe, una shida gani? alimkoromea yule dada.

— Pasi inapiga shoti. Jana nikijaribu kuifungua ikanitetemesha mkono mzima.

— Unaifungua ikiwa imechomekwa ukutani? Una wazimu? Zima swichi, chomoa, pima uhakikishe hakuna umeme, ndipo uguse! Watoto wako walelewe na nani?

Daktari alikifungua kitabu polepole, akapitisha kidole.

— Zima, chomoa, pima, alisoma. Ndivyo ilivyoandikwa. Swali la kwanza.

Fundi alisimama mdomo wazi, na mdomoni hamkuwa na kitu. Akampokonya Daktari kitabu.

— Dada, chukua pasi yako tuondoke. Njiani uniulize yote yanayoharibika nyumbani kwako.

Walikuwa wamefika ng'ambo ya barabara Spika alipopata jibu.

— Fundi! Nimegundua! Kwenye mtihani, ilambe pasi!